Toleo la Ng'ombe Analolitafuta Neema

Alhamisi, alasiri. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, nguo nimezianua mara mbili. Moyo wangu nao haujatulia.

Mwanangu Neema anasoma chuo hapa Dodoma. Ameandaa maonyesho ya vibonzo, yale magazeti ya katuni ya zamani, yanafunguliwa Jumamosi. Anasema kila mtu anaongelea wachoraji wa Dar, hakuna anayeuliza sisi wa huku tuliyasomaje. Basi ukutani kaweka habari zangu: binti wa Kibaigwa aliyewasomea makuli sokoni.

Ni kweli niliwasomea. Magazeti yalikuja na malori ya mahindi, madereva wakayaacha kwenye kibanda cha chai cha mama yangu. Makuli wakimaliza kupakia wanakaa, mimi nafungua nasoma kwa sauti, pengine nawageuzia Kigogo. Nilikuwa na miaka kumi na mbili.

Sikujua kusoma.

Shule niliacha darasa la pili nikachunge mbuzi. Nilikuwa naangalia picha, natunga. Yaliyozungushiwa duara nilijua ni maneno. Ila lile wingu lenye vipovu, la mtu anayewaza, nilidhani ni moshi. Kwa hiyo kwangu kila mwenye mawazo alikuwa mvutaji. Kuna mke wa diwani alikuwa na mawingu ukurasa mzima, kuli mmoja akasema, "Huyu mama atamaliza sigara za duka." Wakacheka, nami nikazidi kuongeza chumvi.

Kusoma nimejifunza ukubwani, Neema akiwa darasa la kwanza, tumeinamia daftari moja. Yeye akidhani namkagua.

Sasa Neema kaenda kumhoji Mzee Chilewa, mmoja wa wale makuli. Mzee kamwambia hadithi iliyomtoa machozi ni ya bibi aliyeibiwa ng'ombe, akamfuata kwa miguu mpaka Hombolo, ng'ombe akamtambua kwa sauti. Neema akaanza kulitafuta toleo hilo. Kaulizia Dar, kawaandikia watu wanaotunza magazeti ya zamani. Hakuna. Jana kaja nyumbani na karatasi ya kubandika, imeandikwa "Toleo lililopotea".

"Mama, wewe ndiye ulilisoma. Jalada lake lilikuwa rangi gani?"

Nikamwambia jekundu.

Mungu anisamehe, sijui hata lilinitokaje. Akaandika pale pale, anafurahi.

Ng'ombe yule alikuwa wa bibi yangu mimi. Kwenye gazeti ilikuwa picha ya mwanamke aliyeachwa na basi, basi.

Naogopa kumwaibisha mbele ya walimu wake, kwamba mama aliyemweka ukutani ni mwongo. Naogopa zaidi atakavyoniangalia, akijiuliza ni kipi kingine nilimdanganya. Lakini nikinyamaza, watu watalitafuta toleo hilo miaka na miaka, na jina la mwanangu ndilo litakalokuwa chini ya ile karatasi.

Kumpigia simu nimeshindwa. Nimepiga mara mbili, akapokea, nikamuuliza kama amekula.

Blogu hii kanifungulia yeye, na kila ninachoweka anakisoma wa kwanza, ananirekebishia herufi.

Neema mwanangu, hakuna jalada jekundu. Usiibandike ile karatasi. Njoo nikueleze ilivyokuwa, halafu uandike utakavyoona inafaa, hata kama ni kunitoa ukutani.

Makosa ya herufi yaache leo. Nabonyeza.