Mkono wa Laure na Mlango wa Wageni

Dilala, Kolwezi
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Mama Mbelu,

Pokea salamu nyingi za watoto wako wa Kolwezi. Miguu yako inaendeleaje huko Kananga? Wale wamama wa kanisa wangali wanakuja kukuchotea maji? Sisi tunapumua, kwa neema ya Mungu. Mvua haijatuacha, na barabara ya Mutoshi ni matope matupu.

Uliuliza kwa nini Laure, uliyemlea tangu marehemu mama alipotuacha, hakuandikii tena wala hapigi simu. Hajakusahau, Mama. Mkono wake wa kuume haufunguki, na kwenye simu anaogopa kukulilia. Ndiyo maana nimeshika kalamu mimi dada yake.

Unajua alikuwa akipika katika kampuni moja ya madini, chakula cha wakubwa waliotoka ng'ambo. Mwaka juzi sufuria ya mafuta ya moto ilimmwagikia. Wenzake wakamkimbiza kwenye chumba cha matibabu, jirani kabisa na jiko. Mlinzi akawazuia mlangoni.

"Mama, hapa ni ya bazungu tu," akasema. "Bakubwa balinipatia ordre, amri. Mi nikifungua, batanifukuza."

"Lakini nilikuwa napika chakula yabo!" Laure akamjibu.

Yule mlinzi naye alilengwalengwa na machozi, lakini hakufungua. Wakampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali ya huku Dilala, ngozi inabanduka na vumbi linaingia. Kidonda kikaoza. Kilipopona, vidole vilikuwa vimejikunja; hata tonge la bukari hawezi kulifinyanga. Kazi nayo wakamwachisha.

Ndipo avoka mmoja, mwanasheria tunayesali naye, Tata Kyungu, alipotufungua macho. Katiba yetu, kifungu cha kumi na tatu, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa kwa ajili ya rangi au kabila lake. Na tangu 1966 kuna sheria ya kuadhibu ubaguzi wa namna hiyo. 1966, Mama! Wewe ulikuwa bado msichana. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa nayo, na pale mlangoni hakuna hata mmoja aliyeijua.

Tulishtaki. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hakimu akahamishwa. Mwezi uliopita hukumu ilitoka: tumeshinda. Chumba kile sasa ni cha wafanyakazi wote.

Nje ya mahakama watu walipiga vigelegele. Laure alimwomba Tata Kyungu amsomee kifungu kile tena, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni maneno ya muzuri," akasema. "Ile siku yalikuwa wapi?"

Tata Kyungu alikunja karatasi zake.

Juzi Stéphanie, anayefagia ofisi za kampuni ile, alikuja kututembelea. Alikuwa amekatwa na kioo, wakamshona katika chumba kilekile bila kumuuliza neno. Alidhani habari hiyo itamfurahisha Laure. Laure akatazama kidonda kile kisafi, akasema, "Mungu asifiwe, dada." Kisha akaingia chumbani, na hakutoka kula.

Sijui nimwambie nini tena. Wewe uliyemlea pengine unajua. Ukimpigia simu, nakuomba, usimpongeze kwa kushinda. Mwite tu jina lile ulilokuwa ukimwita alipokuwa mdogo, halafu umwache alie.

Tusalimie Tata Kabasele na watoto wote wa jirani Kabemba. Mungu akae nawe nyumbani na njiani, ukilala na ukiamka.

Mwanao akupendaye daima,
Mianda