Jina Langu Halikusomwa

Laurel, Maryland

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepata nafuu, na baridi ya Babati haijakuzuia kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ninaokuandikia habari zake.

Mama, nilikudanganya. Ulipopiga simu Jumanne ukauliza, "Umechukuliwa na timu gani?" nilikujibu mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Sikuchaguliwa.

Unajua nilivyoingoja siku ile, timu za ligi kuu ya kikapu ya wanawake zinapochagua wachezaji wapya, majina yakisomwa moja moja kwenye televisheni. Wakala wangu alisema nitegemee raundi ya tatu, ndiyo ya mwisho. Watanzania tunaosali nao kule Langley Park walitaka tukusanyike, wapike pilau, tuangalie pamoja. Nikakataa. Niliogopa kukosa mbele za watu. Nekesa, yule nesi Mkenya ninayekaa naye, alikuwa zamu. Basi nikavaa gauni la kitenge ulilonitumia, nikakaa kwenye kochi peke yangu, nje jua bado linawaka.

Raundi ya kwanza sikuwa na wasiwasi. Ya pili nikaweka simu mapajani. Ya tatu wakamwita msichana niliyecheza naye chuoni miaka minne. Mama yake akamkumbatia, dada zake wakarukaruka. Nikampigia makofi, mama, mle ndani peke yangu. Halafu majina yakaisha, yakaja matangazo ya magari.

Wakala hakupiga. Nikasinzia palepale nikimngoja.

Asubuhi Nekesa akanikuta bado nina gauni. Matokeo hakuyauliza.

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Sijauliza njaa. Nimeuliza kama umekula."

Akakaanga mayai, akasonga ugali, akaketi mbele yangu na sare zake za kazi, macho yakifumba kwa usingizi, mpaka nikamaliza. Hapo ndipo nilipolia. Ulipopiga nilikuwa bado nina kwikwi, na sikutaka uisikie.

Jana wakala kapiga. Kuna timu, mwendo wa saa tano kwa ndege kutoka hapa, inaniita kwenye kambi ya mazoezi. Si mkataba. Tutaingia wengi, watabaki wachache, na wanaweza kunirudisha baada ya siku tatu. Nimekubali. Naondoka Jumapili, na huko simjui mtu hata mmoja. Wakiniacha nitakwambia siku hiyohiyo. Wale majirani uliowaahidi soda, waambie ukweli tu, usinionee haya.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa cherehani. Mwambie kaptura alizonishonea bado nazivaa mazoezini, ingawa wenzangu wanazicheka. Dada Neema ajifungue salama, na asimpe mtoto jina langu kwanza, angoje kidogo. Bibi najua huamka alfajiri kuniombea. Mwambie wiki hii asiombe ushindi. Aombe nipate mtu wa kula naye huko niendako.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
Rehema