Siku Niliyombeba Mama Kwenye Ngazi

Jumamosi jioni. Baridi ya Julai, ingawa leo jua lilichungulia kidogo. Naandika nikiwa nimelala chali sakafuni kwa sababu mapaja yamekataa kukaa kitini.

Tangu Mama apate kiharusi nikamleta kwangu hapa Kilimani, mazoezi nafanyia nyumbani. Zamani nilikuwa nakimbia Ngong Road hadi Dagoretti Corner na kurudi, kabla magari hayajajaa. Sasa siwezi kumwacha peke yake. Naruka kamba kwenye balkoni. Nachuchumaa na kuinuka nimekumbatia mtungi wa maji. Napiga pushapu huku yeye akinitazama kutoka kwenye kochi.

Nikitaka kutoa jasho kabisa, naacha mlango wazi, napanda na kushuka ngazi, sikio likiwa kwake.

Niseme ukweli: kuna siku nimefika chini nikatamani kuendelea kukimbia, nisirudi.

Tunaishi ghorofa ya nne na lifti imekufa tangu mvua ziishe. Keateka, mtunza jengo letu, anasema spea haijafika. Mguu wa kushoto wa Mama unaburuzika, kwa hivyo muda huu wote hajakanyaga nje.

Asubuhi, nikiwa katikati ya pushapu, aliniita. Siku hizi maneno yake hutoka polepole.

"Wanjiru, hizo vitu unafanyia nini?"

"Nafanyia afya, Mama."

"Afya ya kwenda wapi?"

Niliketi nikafuta jasho. Yeye alikuwa ameshageukia dirisha, anatazama jua lililopiga ukuta wa jirani.

"Mimi nitatoka hapa nimebebwa na watu wanne," akasema. "Afadhali unibebe wewe, nikiwa bado naona."

Nilienda chumbani nikachukua leso, kanga yake pana.

Nilimfunga mgongoni kama yeye alivyonifunga mimi zamani. Tulipofika ngazi za ghorofa ya tatu, Jaspreet, daktari wa meno anayeishi hapo, alifungua mlango akashika kichwa.

"Wanjiru! Unataka muanguke wote wawili?"

"Nisaidie tu, tafadhali."

Alitutazama. Kisha akavua ndala, akatangulia mbele yetu akishuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha. "Sawa. Mkiteleza, mniangukie mimi."

Mapaja yaliwaka. Moto huo naujua, nimeishi nao miezi yote hii. Lakini mtungi wa maji haupumui sikioni mwako. Mtungi hautetemeki. Nilihisi moyo wa Mama ukigonga mgongo wangu na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Pumzika," alininong'oneza. "Wewe si punda."

Chini, askari wa lango alitupatia kiti chake cha plastiki. Mama aliomba nimvue soksi. Akaweka nyayo kwenye nyasi, akafumba macho. Baadaye mama mboga alipita, na Mama akamwita, akaishika mboga yake ya managu na kuanza kumgombeza kwamba ni ya jana. Mama mboga akaapa imechumwa leo. Wakabishana mpaka wote wawili wakacheka.

Sikuwa nimemsikia akibishana na mtu tangu augue.

Kisha jua likaenda. Nikamwambia turudi juu.

"Sirudi."

"Mama, utashikwa na baridi."

"Huko juu nakuona vile unazunguka kama ng'ombe kwenye kamba. Unafikiri sioni? Unaruka hapo kwa balkoni ukiangalia barabara. Mimi ndio hiyo kamba."

Nililia palepale kwenye maegesho, mbele ya askari, mbele ya Jaspreet. Nilitaka kumwambia si kweli. Sikuweza.

Mwishowe alichoka mwenyewe, akanyoosha mkono. Mimi na Jaspreet tukampandisha akiwa kwenye kile kiti, tukitua kila ngazi zilipokata kona. Alilala mara tu alipofika kitandani.

Ndipo nikampigia kaka yangu, Kamau, yule mwenye nyumba ya chini, isiyo na ngazi, na kiwanja pale Dagoretti Corner. Miezi yote amekuwa akiniuliza kama naweza, nami namjibu naweza. Leo nilimwambia siwezi. Nilimwambia natafuta nyumba ya chini, na mpaka niipate, Mama atakuwa kwake kila wikendi.

"Kila wikendi?" akauliza.

"Kila wikendi. Kuanzia kesho, uje umchukue."

Nilisikia watoto wake wakicheza nyuma.

"Wacha nifikirie, Wanjiru."

"Fikiria ukikuja," nikasema.

Alikata simu bila kusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

Kupiga simu ile kulinishinda kwa miezi, ilhali ngazi zote hizi hazikunishinda.

Kamau asipotokea kesho, nitaweza kuyasema tena maneno yale?