Saa Yangu ya Kuhesabu Hatua Imevaliwa na Farasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, au cheka kwanza umalize halafu unisaidie, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huombwa, shule niliiacha njiani lakini dunia nimeizunguka kuliko maprofesa wengi, kazi yangu ni kusindikiza farasi wa mashindano kwenye ndege za mizigo, mnyama mmoja bei yake ni mtaa wetu mzima pamoja na sisi tulio ndani, na mimi ndiye nasimama naye huko angani nimemshika hatamu namwambia tulia mama, tulia, na anatulia.

Tatizo ni huu mwili wangu. Nikitua upande wa pili wa dunia mchana wao ni usiku wangu, tumbo linadai chakula watu wamelala, nikirudi nyumbani nalala mchana kama popo, mpaka daktari wa kazini akanipima akasema presha hii na kitambi hiki havikai pamoja, punguza. Mama watoto akasema, "Basi tunapungua wote wawili," akanivalisha saa ya kuhesabu hatua, hatua zangu anazisoma kwenye simu yake popote nilipo, na tukakubaliana tule pamoja kwa simu, yeye mezani kwetu na mimi huko niliko, kwa saa za nyumbani, mboga za kuchemsha na yai. Haki ya Mungu nilitii, ila wenzangu wa huko nao wana saa zao za kula, soseji na viazi vya kukaanga, na mimi sina roho ya kumkatalia mtu sahani, basi nikawa nakula mara tatu na mke wangu na mara tatu na wenyeji, mwezi haukuisha mkanda ukaanza kudai tundu jipya.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Nikiwa nyumbani nakoroma, mama watoto anatoka asubuhi kutembea na jirani yetu mmoja mstaafu wa posta, mtaani anaitwa Kocha, mzee miguu kama fito, na kaptula kaipiga pasi, mshauri, nani anapiga pasi kaptula ya kwenda kutokea jasho? Zamani alikuwa akimwita mke wangu shemeji. Siku hizi anamwita Mwepesi. Mwepesi! Mimi nina watoto watatu naye na sijawahi kumwita Mwepesi, na kibaya zaidi amekuwa mwepesi kweli, magauni aliyoyafungia sandukuni yanamwenea tena, anarudi anacheka, Kocha kasema hivi, Kocha kasema vile, Kocha hanywi soda, na mimi niko kitandani macho mekundu namwombea Kocha ateguke kifundo, sisemi avunjike, ateguke tu.

Safari iliyopita shetani akanipitia. Farasi akishuka ndegeni hapewi nafaka, anapewa maji mengi na majani yaliyoloweshwa, halafu anatembezwa kwa mkono taratibu asubuhi na jioni mpaka azoee saa za pale, na kazi hiyo ni yangu mimi, lakini usingizi ulikuwa umenikaba, nikamwachia mwenzangu wa zamu nikajilaza juu ya marobota ya majani, na ile saa nikaichomeka ndani ya bendeji ya mguu wa farasi. Jioni simu ikaita.

"Baba watoto! Hatua elfu ishirini na nane! Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

"Mambo madogo hayo, mama."

"Na mbona hata zile saa ulizoniambia umelala zinaongezeka?"

"Nageukageuka kitandani. Nakuwaza."

"Muongo wewe! Nimemwonyesha Kocha, kavua miwani akaifuta."

Mshauri, sijui nikueleze vipi utamu wa kusikia Kocha kavua miwani. Kesho yake nikamfunga farasi ile saa tena. Nikamfunga siku tisa.

Sasa klabu ya watembeaji waliyojiunga ina matembezi ya kilomita ishirini na moja, watu wanakwenda wawili wawili, wiki tatu kutoka leo. Mama watoto alikuwa aende na Kocha, lakini mzee mwenyewe kajitoa, kasema mume mwenye hatua nyingi hivyo ndiye anayestahili kuwa pembeni ya mkewe. Nikisema ukweli, Kocha anarudi pembeni ya mke wangu kilomita zote ishirini na moja, nikinyamaza, mtaa mzima utaniokota kilomita ya tatu, na hapo katikati nina safari nyingine ya ndege, jibu lako nitalisomea huko huko. Nifanyeje?

Ni mimi, Mzunguka Dunia.

MSHAURI ANAJIBU

Mzunguka Dunia, nimecheka kama ulivyoniruhusu, na nimemaliza. Sasa kaa kitako.

Kwanza pole. Mwili unaotolewa kwenye saa zake na kutupwa kwenye saa za watu wengine unachoka kweli, na njaa yake haina adabu. Hilo sikulaumu.

Ninalokulaumu ni hili. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la Kocha, nimeambulia kaptula iliyopigwa pasi. Huyu ni mtu aliyekuachia nafasi yake kwa heshima, masikini, bila kujua anamwachia farasi! Na mkeo hakufichi kitu, kila neno la huyo mzee anakuletea mpaka kitandani. Nyumba hiyo ina mtu mmoja tu anayeficha, na ni wewe. Jina la Mwepesi linakuuma kwa sababu mwenzako alipokuwa anapungua wewe ulikuwa umefumba macho, akapata wa kumsifia nje. Mbona wewe hukumsifia? Barua nzima hiyo, umempigia hesabu magauni tu.

Kisha unanishangaza. Unajua kumtunza mnyama aliyevuka dunia kuliko daktari yeyote, halafu wewe mwenyewe ukishuka unajilaza juu ya chakula chake. Safari hii mtembeze farasi kwa mkono wako, asubuhi na jioni, saa iwe kwenye mkono wa binadamu. Hayo ni mazoezi ambayo unalipwa mshahara kuyafanya, na mwanga wa jua la huko utakusaidia kuzoea haraka kuliko shuka. Ukizidiwa na usingizi mchana, lala nusu saa, tega kengele, amka. Chakula ni cha saa za mahali ulipo, mara tatu, basi. Mkeo akikaa mezani nyumbani, piga naye soga ukiwa na glasi ya maji, hakuna aliyesema mapenzi ni lazima yatafunwe. Ukizinduka usiku na tumbo linapiga kelele, tunda moja na maji, si soseji. Ukiwa nyumbani, hata kama umelala saa mbili tu, toka naye asubuhi dakika kumi, rudi, kesho kumi na tano. Presha mrudishie daktari wako, mimi ni wa barua.

Kilomita ishirini na moja usiziguse. Mwenye presha ambaye hajatembea mwezi mzima hajifunzi mbele ya umati, wala sitaki mkeo amalize matembezi akiwa mjane.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hapa, mpigie. Usimwandikie ujumbe, mpigie, umwambie farasi, bendeji, siku tisa, yote. Akicheka, mwache acheke. Akinuna, usijitetee kwa usingizi. Na akisema basi nitakwenda na Kocha, utamjibu, "Nendeni salama." Maneno mawili tu. Jizoeze kwanza peke yako huko kwenye marobota, mpaka uweze kuyatamka bila kusaga meno.