Laini kwa Kidole cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Miguu imevimba kwa kukaa. Wifi kanipokea uwanja wa ndege — kapungua, mashavu yameingia ndani. Mumewe, mdogo wangu Kitinda, nimemkuta kitandani, katoka kusafishwa damu. Mara tatu kwa wiki sasa, na uso umekuwa wa majivu. Akanitania: Dada, umeniletea mzigo wangu? Nikamwambia figo bado iko forodhani, inakaguliwa. Tukacheka. Wifi hakucheka.

Simu yangu ya nyumbani huku haishiki mtandao. Imebaki saa ya kutazamia muda.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali saa mbili asubuhi. Nesi anayeshughulika na watoaji figo ni mama mfupi, miwani inaning'inia kwenye kamba. Anajaza fomu. Namba ya simu? Nikataja ya wifi. Akaweka kalamu chini, akamwomba wifi atupishe kidogo.

Akaniambia hivi: majibu nitapigiwa mimi, peke yangu. Nikibadili nia, siku yoyote, hata nikiwa tayari kwenye machela, wao watamwambia mgonjwa kwamba vipimo vimenikataa. Hawataeleza zaidi. Hata mume wangu hatajua. Kwa hiyo niwe na simu yangu, ikae mkononi mwangu. Bila namba, hakuna faili.

Nikamwambia nimekuja kutoa, sikuja kukataa. Akasema wote huanza hivyo. Nilikasirika! Ananijua?

Nje wifi akauliza tulikuwa tunasema nini. Nikajibu wanataka niwe na simu yangu. Si uongo.

Jumatano, 5 Machi

Simu tumepata upesi, ya vitufe, ina tochi. Kazi ilikuwa kusajili laini. Mgeni husajiliwa kwa paspoti na alama za vidole. Nikaweka gumba — mashine ikakataa. Shahada — ikakataa. Yule dada wa duka akanipangusa kwa spiriti, akanipaka mafuta, akanipulizia vidole kama mtu anayepoza uji. Wapi! Mama, akasema, huna alama. Nikamwambia vidole ninavyo kumi, ahesabu mwenyewe! Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

Ndiyo faida ya miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya hoteli. Magadi na dawa ya madoa vimenila mpaka sina hata alama ya kuacha kwenye glasi. Ningekuwa mwizi ningetajirika.

Wifi akapenyeza mkono wake mbele. Asajili kwangu, akasema, paspoti yangu imebakiza nafasi ya laini moja. Kidole chake, mara moja tu, mashine ikakubali. Akanikabidhi simu kwa mikono miwili. Haya wifi, wakipiga tu tutajua.

Tutajua! Nilitaka kumwambia palepale alichosema nesi. Badala yake nikamshukuru. Nimekula chakula chake cha jioni nikiona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Namba imeingia kwenye faili. Wamenitoa damu, vichupa kumi na viwili. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Simu imelia mara moja: mume wangu. Bomba la uani limepasuka, kuku wazima. Akazunguka weee, mwisho ndipo akauliza — ukibaki na moja, mashuka mabichi utayabeba? Nikasema daktari ametaja miezi mitatu ya kupumzika. Akasema: Uamuzi ni wako, mama watoto. Afadhali angegomba.

Naogopa. Nakuandika hapa, woga, maana hapa hakuna wa kunisikia. Naogopa kisu, naogopa kutoamka, naogopa hiyo moja itakayobaki siku nayo ikichoka. Na Kitinda nampenda. Nimembeba mgongoni mpaka mama akawa ananigombeza, mtoto huyu atatembea lini? Yote mawili ni kweli, na hayataki kupatana.

Jumatatu, 10 Machi

Simu iko mezani, katikati ya vikombe. Ikilia meseji ya matangazo sote tunaruka. Kitinda haitazami, anajifanya anasoma gazeti la juzi. Wifi ndiye anayenichajia kila asubuhi. Mimi mwenyewe ningesahau. Au nisingesahau, sijui.

Jumatano, 12 Machi

Nesi amepiga saa tano na robo. Nilikuwa peke yangu, naanika soksi za Kitinda dirishani. Wao wawili wako hospitali, zamu yake ya kusafishwa.

Tunalingana! Nesi anasema vizuri sana, kama waliopimwa ni pacha. Nilifurahi, Mungu shahidi wangu, nilifurahi mpaka nikapiga kofi. Halafu nikakaa sakafuni na soksi moja mkononi. Upasuaji Jumanne ijayo. Akasema nisijibu saa hiyo. Nifikiri, nimpigie kabla ya saa kumi. Ndiyo au hapana tu. Ikiwa hapana, yeye anajua la kumwambia mgonjwa.

Nilishika simu nimpigie mara nne. Mara nne nimeiweka.

Saa nane na nusu wifi ameingia anahema. Kitinda anatetemeka kwenye mashine, amekuja kumchukulia blanketi. Amenikuta na simu mkononi.

Wifi, wamepiga?

Nimemwambia bado.

Ameichukua, ameangalia chaji, amenirudishia. Watapiga tu, amesema, usijali, kula kwanza. Ameniwekea sahani mezani.

Saa nane na dakika arobaini. Ninajifanya naandika hesabu za nyumbani. Yuko mlangoni, blanketi kwapani, anafunga kamba za viatu. Hajatoka. Naweza kumwita, nimwambie wamepiga.