Mshale wa Dubai

Kadijah, uko?

Leo dukani hapa mjini Koboko, Tahiru na Celestino walikuwa wanashindanisha saa zao za bei kali, zile za kuonyesha saa za nchi mbili. Celestino alisifu yake kwa kuwa nyepesi. Tahiru akasema yake ni nzito lakini haijawahi kumdanganya.

Celestino akaishika. "Mbona mshale ya pili iko mbele? Wewe si unakaa hapa!" Akaurudisha nyuma. Akaurudisha, Kadijah, huku anacheka!

Tahiru akasema: "Hiyo ilikuwa saa ya Dubai. Latifu aliweka mwenyewe."

Latifu! Mdogo wake aliyefia huko, tukamzika kijijini Midia!

Celestino akataka kurekebisha. "Wacha," Tahiru akamwambia. "Sasa itakuwa mkono yako, si ya Latifu."

Akatoka, akaiacha mezani. Bado inatembea. Hakuna anayethubutu kuigusa.