Kuaga Élise

Bunia, Mbunya, tarehe 4 mwezi wa tano 2010

Kwako binti yangu Viviane,

Kama hauna homa na huko Nyankunde banakulisha, namushukuru Mungu. Siye huku tuko wazima, miye kuliko wote. Bwana yako Paul alituma salamu kutoka Aru. Barua hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Masomo niliachia mwaka ya pili ya primaire, lakini herufi zangu zinasimama kuliko za batoto ya siku hizi.

Umeona akili ya baba yako? Nilimubeba mujukuu yangu Élise kumuonyesha ndama, weye ukatoka na mulango ya nyuma na sakoshi yako ya nguo. Machozi hakuna hata moja! Mutoto wa mwaka moja na nusu ni kama ndama: unamutenga na mama, analia siku tatu, siku ya ine anasahau. Miye nimeachisha ndama zaidi ya mia, mbele ya vita kukula ng'ombe zangu. Jifunze hiyo kazi yako ya kuzalisha bamama huko hospitali, miezi tatu si kitu. Mutoto iko nacheka tu.

Miye baba yako, Hippolyte


Nyankunde, tarehe 11 mwezi wa tano

Papa,

Pokea salamu zangu. Mwili uko muzuri, ila maziwa inanijaa kifua na mwenye kuinyonya hayuko.

Constant wa pikipiki, huyu anayetubebea barua, aliniambia mengine. Eti Élise anakaa kwa mulango ya nyuma tangu asubuhi, anaugonga na mikono. Eti uji anamwaga. Ni kweli, Papa? Usinifiche. Kama ni kweli, Ijumaa ya juma ijayo narudi. Nafasi yangu watapatia mwingine, na wapatie tu. Mutoto si ndama.

Mutoto wako, Viviane


Bunia, tarehe 14

Viviane mama,

Habari ya kifua? Kamua, usiache maziwa ikae. Miye nguvu niko nayo, ila huyu Constant nitamushona mudomo.

Basi, ni kweli. Siku ya ine ndiyo alizidisha. Ananishika suruali kama kupe. Nikienda choo, anajitupa chini mbele ya mulango na kupiga kelele, mpaka mama Annette jirani anauliza toka kwake: "Muzee, iko unamuchinja?" Jana nilijifunga kitenge yako ya njano, juu harufu yako iko ndani. Akanyamaza, akalala kwa mugongo yangu. Nikaenda naye kununua chumvi vile vile. Barabara nzima ikacheka. "Muzee Hippolyte, umeolewa wapi?" Nikawajibu: "Kwa mutu mwenye akili kuliko bwana zenu."

Lakini niko na neno. Hii ya kutoka bila kuaga, tuliizoea wakati ya vita. Siku ile tulikimbia, sikuaga hata mama yangu, juu kilio yake ingeita batu ya bunduki. Leo hakuna mwenye kutukimbiza, ao tuseme kidogo, na bado tunatoka kwa nyumba zetu kama wezi. Kosa ni yangu. Naandika mara moja, usiniombe kurudilia.

Usirudi. Nipe juma mbili.

Baba yako


Nyankunde, tarehe 17

Papa yangu,

Salamu kwako na kwa huyo kupe wako. Nimesoma barua yako mara tatu. Kitenge imenichekesha, ile ingine imeniliza.

Mwalimu wetu hapa, mama Débora, anasema mutoto wa umri huu ndivyo alivyo. Mutu akipotea kwa macho yake, hajui bado kama atarudi. Anasema umuage kila mara, hata akilia. Toka kidogo, urudi, umwambie umerudi. Kumutoroka, hapana tena.

Juma mbili nakupatia, Papa. Zikipita na bado anamwaga uji, natoka huku.

Viviane wako


Bunia, tarehe 30

Binti yangu,

Kama unapumua muzuri, tuko sawa. Musalimie huyo mwalimu, lakini shauri yake sikufuata. Nilifuata yangu.

Miye Tate, babu yake, namwambia Élise: "Tate anaenda kisimani. Tate atarudi." Naenda. Analia. Narudi na ndoo: "Tate amerudi!" Siku ya kwanza nilifanya mara makumi mbili. Pipa zote zimejaa, hata ya mama Annette, na hakunishukuru. Sasa analia kidogo, kisha anakaa, anaangalia njia. Uji anakula.

Njoo dimanche, siku ya kanisa, tarehe sita. Lakini utaingia na mulango ya mbele, na utatoka na mulango ya mbele.

Baba yako mwenye akili


Nyankunde, tarehe 7 mwezi wa sita

Papa,

Nilifika salama, vumbi tu. Weye na mugongo yako, muko je?

Miye sikulala. Jana Élise aliponiona aligeuza uso, akajificha kwa shingo yako. Nusu saa nzima hakunitaka! Kisha akanishika nywele, hakuziachilia tena. Nilimuaga mbele ya macho yake kama ulivyotaka. Kilio ile ilinifuata mpaka barabara kubwa, Constant alitaka kugeuza pikipiki.

Niambie bila majivuno: nyuma yangu alifanya nini? Nguo zangu zimo ndani ya sakoshi. Nangojea jibu yako tu.

Viviane


Bunia, tarehe 10

Viviane mama,

Afya yako? Yangu ni ya chuma.

Toa nguo ndani ya sakoshi. Alilia, ndiyo, sana. Lakini mama Annette alikuwa anachoma muhindi, na mbele ya muhindi kuiva mutoto alikuwa amenyamaza. Kwa mulango ya nyuma hakwenda. Alinyoosha mukono, akaomba muhindi, akakula nusu, akalala mpaka asubuhi. Na ile kukugeuzia uso, alikuwa amekukasirikia. Mutu akikusahau, hawezi kukukasirikia. Maliza kazi yako.

Jana nilimuaga, nikaenda malishoni kuangalia ng'ombe zangu mbili, tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kurudi nilirudi mbio, muzee kama miye, kilio yake ndani ya masikio. Nafika: amekaa kwa mama Annette, anakula maharagi. Nikasema kwa nguvu, "Tate amerudi!" Hata hakugeuka.

Mama Annette akaniambia: "Muzee, ngoja kwanza amalize sahani."

Nilifurahi, Viviane. Nilifurahi sana. Lakini heri angelia hata kidogo.

Baba yako, Tate wa Élise